Mvuke Haupigi Shoti

Katika karakana yoyote ya elektroniki, kuanzia maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi vibanda vya mafundi simu Kariakoo, mwanagenzi hufundishwa kuogopa umeme kabla ya kitu kingine chochote. Chomoa plagi kwanza. Kapasita kubwa ya televisheni itolewe chaji kabla ya kuguswa. Vua pete, vaa ndala. Mafunzo hayo hayahitaji kurudiwa mara nyingi kwa sababu umeme wenyewe ni mwalimu mkali: anayekosea hupigwa shoti papo hapo, na hasahau.

Chupa ya thina iliyo pembeni mwa meza haina ukali wa namna hiyo. Inafunguliwa, inanukia, kichwa kinakuwa chepesi kidogo, kazi inaendelea. Jioni fundi anaumwa kichwa na kulilaumu jua. Hakuna aliyemwambia kwamba hewa aliyokuwa akiivuta mchana kutwa inaweza kupimwa, kwamba vipimo vyake vinajulikana, na kwamba hesabu yake ni nyepesi kuliko ile ya Ohm anayoikariri kwa ajili ya mtihani.

Jambo hili linawahusu zaidi wale wanaotengeneza bodi za saketi nyumbani: wanafunzi wa vyuo wenye miradi ya mwisho wa mwaka, mafundi wa vipaza sauti na inveta, vijana wanaobuni vipima unyevu vya mashamba. Njia wanayoitumia ni ya werevu mtupu. Mchoro huandaliwa kwenye kompyuta, mara nyingi kwa KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa. Huchapwa kwa printa ya leza juu ya karatasi ya jarida linalong'aa, hulazwa kifudifudi juu ya bodi yenye ngozi ya shaba, kisha hupigwa pasi ya nguo. Tona ya printa, ambayo kimsingi ni unga wa plastiki, huyeyuka na kung'ang'ania shaba. Bodi ikizamishwa ndani ya feriki kloraidi, shaba iliyo uchi huliwa na iliyofunikwa na tona hubaki. Wazo la kutengeneza nyaya kwa kula shaba badala ya kuunganisha waya mmoja mmoja lilisukumwa mbele na Paul Eisler, mhandisi Mwaustria aliyekimbilia London mwaka 1936. Leo linatekelezwa kwenye beseni la kufulia.

Kiyeyushi huingia katika safari hiyo mara tatu. Mwanzoni, kufuta mafuta ya vidole ili tona ishike. Katikati, kuing'oa tona ikishamaliza kazi yake. Mwishoni, baada ya kulehemu, kuondoa utomvu wa fluksi unaobaki ukinata kando ya miguu ya vipuri. Mara zote tatu mkono hukimbilia kilicho karibu: asetoni, thina ya rangi ya magari, kopo la dawa ya kusafishia breki, au petroli iliyopimwa kwenye chupa ya soda.

Chumba cha futi kumi kwa kumi kinafaa kwa hesabu, kwa kuwa wapangaji wa Mathare na Manzese wanakijua bila futi kamba. Kikiwa na kimo cha mita mbili na nusu, hewa yake ni mita za ujazo 23 hivi. Mililita 100 za asetoni, yaani kama nusu kikombe cha chai, zikimiminwa kwenye sinia na kuachwa zikauke huku dirisha limefungwa kuzuia vumbi, hugeuka kuwa lita zipatazo 33 za mvuke. Hewa ya chumba kizima inakuwa na zaidi ya sehemu 1,400 za asetoni katika kila sehemu milioni. Sheria ya Marekani ya usalama kazini inaweka kikomo cha 1,000 kwa siku ya saa nane, na NIOSH, taasisi ya utafiti ya nchi hiyo hiyo, inapendekeza kisizidi 250.

Asetoni ndiyo iliyo pole katika ukoo huo. Mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe, hasa mtu anapofunga kwa muda mrefu, na ini linajua namna ya kuishughulikia. Nusu kikombe hicho kingekuwa cha tolueni, kiungo cha kawaida cha thina, hewa ingefika karibu sehemu 1,000 kwa milioni. NIOSH inahesabu 500 kuwa kiwango cha hatari ya papo hapo kwa uhai na afya, kiwango ambacho mfanyakazi asiye na vifaa kamili vya kupumulia anatakiwa kukikimbia. Fundi aliyejifungia chumbani na sinia lake yuko katika mara mbili ya kiwango hicho, na anachohisi ni kizunguzungu tu.

Hesabu hiyo hiyo inafungua mlango wa kutokea. Tona ya bodi yenye ukubwa wa kiganja haihitaji sinia. Pamba iliyochovywa kwenye kifuniko cha chupa ya maji, mililita tano au chini yake, inatosha ikisuguliwa kwa subira. Mililita tano za asetoni katika chumba kile kile, hata zikikauka zote, huacha sehemu 70 hivi kwa milioni. Mlango ukifunguliwa, hata hizo hazikai. Wengi hubishana kama asetoni ni sumu au si sumu, wakati swali lenye faida ni kiasi gani kimemwagwa na kama hewa ilikuwa na pa kupitia.

Halafu kuna moto.

Kila kiyeyushi kina joto lake la chini kabisa ambalo mvuke wa kutosha hupanda juu ya kimiminika ukaweza kushika cheche. Kwa asetoni joto hilo ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa tolueni ni nyuzi 4, kwa spiriti ya isopropili nyuzi 12, kwa petroli ni chini ya sifuri kwa zaidi ya nyuzi 40. Maana yake, hakuna saa ya siku, hakuna msimu, hakuna kona ya Afrika Mashariki inayokaliwa na watu ambapo asetoni haiko tayari kuwaka. Zaileni, kiungo kingine cha thina, huanzia kati ya nyuzi 27 na 32. Miongozo mingi inayosomwa na vijana iliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao kwao joto la chumba ni nyuzi 20, na kwa hesabu yao zaileni huonekana tulivu. Dar es Salaam mwezi Februari, chini ya bati, utulivu huo haupo. Hili linastahili kuandikwa upya kwa ajili ya ukanda wa joto, na hakuna sababu ya kusubiri mtu wa Ulaya aje kuliandika.

Mvuke wa asetoni ni mzito mara mbili ya hewa, wa tolueni mara tatu. Haupandi dirishani. Hushuka kutoka mezani, hulala sakafuni, na kutambaa kuelekea penye bonde. Asetoni huweza kuwaka ikifika asilimia mbili na nusu ya hewa. Lita moja ikimwagika na kukauka yote ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, wastani wa chumba kizima ungekuwa asilimia moja na nusu tu, na mwenye kupenda hesabu angepumua. Lakini mvuke haufuati wastani. Kwenye usawa wa vifundo vya miguu, kiwango hupita mpaka huo kirahisi. Na ni kitu gani huwekwa sakafuni katika chumba cha kupanga? Jiko la mkaa, jiko la mafuta ya taa, mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake. Upande wa pili wa pazia, mita mbili kutoka meza ya saketi, mtu anachemsha chai.

Petroli inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu ndiyo rahisi kupatikana na mafundi wengi huiona kama maji ya kazi. Watanzania hawahitaji maelezo marefu juu ya mvuke wake baada ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lililopinduka lililipuka huku watu wakichota, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mezani kwa fundi kiasi ni kidogo, lakini tabia ya mvuke ni ile ile. Isitoshe, petroli inaweza kujiwasha yenyewe bila cheche ikipata joto la nyuzi 280 hivi, wakati ncha ya chuma cha kulehemu huwekwa kwenye nyuzi 350. Pia ina benzini, inayosababisha saratani ya damu. Hakuna bodi ya saketi inayohitaji kuoshwa kwa petroli. Katika orodha nzima ya mambo ya kupimwa na kulinganishwa, hili halina la kupima.

Kuhusu miili ya watu, ushahidi ni mwingi, na wenye uzito zaidi ulitoka kwenye viwanda vya elektroniki venyewe. Huko Suzhou, China, kampuni ya Wintek iliyokuwa ikitengeneza vioo vya simu za Apple iliacha kufutia vioo kwa spiriti na kutumia heksani, kwa sababu moja: heksani hukauka upesi zaidi. Wafanyakazi walianza kufa ganzi mikono na miguu, wengine wakashindwa kutembea vizuri. Ripoti ya Apple yenyewe iliyotoka mwaka 2011 ilitaja watu 137 walioathirika. Mwili huibadili heksani kuwa kemikali inayoharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu, ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia.

Simulizi ya Suzhou inaonekana ya mbali mpaka mtu asome maandishi ya nyuma ya kopo la kusafishia breki. Mafundi magari wa California walipatwa na ganzi kama hiyo, na taarifa yao ilichapishwa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa mwaka 2001: walikuwa wakitumia dawa ya breki yenye heksani, na baadhi ya makopo yalichanganya heksani na asetoni. Asetoni, ile pole, huongeza makali ya heksani kwa mishipa. Dawa za aina hiyo hupulizwa juu ya bodi za saketi kwa sababu hukauka haraka na haziachi doa. Haraka hiyo hiyo ndiyo iliyowapendeza mameneja wa Suzhou.

Thina ina tatizo jingine: jina moja, vitu vingi. Ni mchanganyiko unaobadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, tolueni nyingi huku, zaileni kule, pengine asetoni, na duka linapoipima kwenye chupa tupu hakuna anayejua kilichomo. Tolueni ndiyo ile ile iliyomo katika gundi ya viatu inayonuswa na chokoraa wa mitaani kutoka Nairobi hadi Mwanza. Jamii nzima inajua inavyowafanya watoto wale: macho mazito, maneno ya kukokota, mwendo usio na mhimili. Inayeyuka katika mafuta, na ubongo una mafuta mengi. Kwa anayeivuta miaka mingi, utando unaozifunika nyuzi za ubongo huharibika. Ajabu ni kwamba mtu anayemsikitikia mtoto mwenye chupa ya gundi puani anaweza kukaa saa nne juu ya sinia la thina na kuiita kazi. Kipimo cha mtoto ni kikubwa zaidi, hilo ni kweli. Kemikali ni moja.

Na kuna diklorometheni, kiungo kikuu cha dawa nyingi za kung'oa rangi, ambayo huipukutisha tona au rangi ya bodi kwa dakika moja. Huchemka kwenye nyuzi 40, ndani ya mwili sehemu yake hugeuka kuwa kaboni monoksaidi, na glavu za kawaida haziizuii kwa zaidi ya dakika chache. Kati ya mwaka 2000 na 2011 watu wasiopungua 13 walikufa Marekani wakikwangua rangi ya mabafu kwa dawa hizo, kazi ya chumba kidogo, dirisha dogo, na kichwa kilichoinama juu ya beseni ambamo mvuke ulikuwa umejikusanya. Serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku mwaka 2019 kuwauzia watu wa kawaida dawa za kung'oa rangi zenye kemikali hiyo, na mwaka 2024 ikapanua marufuku. Mkao wa mtu aliyeinamia bafu na wa mtu aliyeinamia sinia la saketi hautofautiani.

Dhidi ya haya yote mafundi wamejiwekea kinga ambazo hazikingi. Ya kwanza ni maziwa. Wapaka rangi, wachomeleaji na mafundi wa betri, pwani na bara, hunywa pakiti ya maziwa mwisho wa siku kwa imani kwamba yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Mvuke umeingia kwa mapafu na kutoka hapo moja kwa moja kwenye damu. Hakuna pakiti inayoufuata huko. Ya pili ni barakoa. Tangu janga la korona kila nyumba ina barakoa za kitambaa au zile za hospitali, na hata zile nene za kuzuia vumbi, lakini zote huzuia chembe. Molekuli ya asetoni hupita humo bila kusimama. Kinachozuia ni kichujio chenye mkaa maalumu wa kunasa mvuke, ambacho nacho hujaa na kutakiwa kubadilishwa. Kwa kazi ya mililita tano, kukaa nje ni rahisi na ni bora zaidi.

Ya tatu ni glavu. Zile nyembamba za samawati zinazoonekana za kitaalamu kwenye video hushindwa na asetoni haraka ajabu, mara nyingi chini ya dakika mbili, kisha huishikilia asetoni juu ya ngozi. Glavu nene za mpira za kuoshea vyombo huvumilia zaidi kwa mguso mfupi. Hata pua, chombo ambacho kila mtu anakiamini, huchoka: baada ya muda harufu hupotea wakati mvuke bado upo. Anayesema ameshaizoea amesema ukweli kuhusu pua yake peke yake.

Habari njema ni kwamba kazi nyingi kati ya hizi hazihitaji kiyeyushi kikali. Tona hung'oka kwa stilwaya ya kusugulia masufuria, maji na sabuni, dakika tatu au nne za kiganja. Msasa laini wenye maji hufanya vilevile. Shaba hukwaruzwa kidogo, na mikwaruzo hiyo huisaidia risasi ya kulehemu kushika. Kusafisha shaba mwanzoni kabla ya kupiga pasi nako ni kazi ya stilwaya na sabuni, kisha kufuta kwa spiriti kidogo. Wanaoringia bodi inayong'aa watalalamika. Bodi itafunikwa na boksi la plastiki, hakuna atakayeiona.

Viwanda vikubwa vilifika hapo hapo kwa njia ndefu na ya gharama. Katika miaka ya 1980 bodi nyingi za saketi duniani zilioshwa kwa CFC-113, kiyeyushi ambacho hakiwaki na kilionekana hakina kosa lolote, hadi ilipobainika kwamba kinatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini Septemba 1987, na viwanda vikaambiwa vitafute kingine. Miezi michache baadaye, Januari 1988, kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilitangaza pamoja na kampuni ndogo ya Petroferm kiyeyushi kilichotokana na mafuta ya mimea, jamii ya yale yanayokamuliwa kwenye maganda ya machungwa. Wengine wakaenda mbali zaidi: wakabuni fluksi isiyohitaji kuoshwa kabisa. Baada ya mikutano mingi na fedha nyingi, jibu la wahandisi kwa swali la namna bora ya kuosha bodi likawa, kwa sehemu kubwa, kutoiosha.

Kuna mchanganyiko mmoja unaopaswa kukatazwa bila maelezo ya pembeni. Baadhi ya watu huacha feriki kloraidi na kula shaba kwa asidi na peroksidi ya hidrojeni, kwa kuwa ni rahisi na maji yake ni angavu. Asetoni haipaswi kukutana na maji hayo, si kwenye beseni, si kwenye ndoo ya taka, si kwa kitambaa kilicholowa. Vikikutana, vinaweza kuzaa kilipuzi ambacho hulipuka kwa kuguswa tu. Anayetumia peroksidi aitoe asetoni nje ya chumba kabisa na kusugua tona kwa stilwaya. Ushauri kama huo unahusu jiki: nayo ikikutana na asetoni huzaa klorofomu.

Taka ni sura ambayo wengi huifunga mapema. Feriki kloraidi iliyotumika imejaa shaba, na shaba kidogo tu majini huua samaki. Kuimwaga kwenye mtaro unaoelekea Mto Msimbazi au Nairobi ni kuongeza mzigo kwenye mito iliyokwisha elemewa. Magadi huituliza: yakiongezwa polepole, kwa sababu hutoa povu kali, hadi povu likome, shaba hushuka chini kama tope. Tope hilo likichujwa huchanganywa na saruji na kugandishwa. Asetoni chafu nayo haitupwi chooni, kwani choo cha shimo tayari kina gesi yake inayowaka. Hukaa kwenye chupa yake ya awali, tona hutuama, na ya juu hutumika tena. Kitambaa kilicholowa hutandazwa nje ukutani kikauke, mbali na jiko, ndipo kitupwe.

Lakini lawama ikiwekwa yote kwa fundi, makala haya yatakuwa yamekosa haki. Fundi hawezi kupima asichokijua. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na neno la mwisho katika jina lake halikuwekwa kwa pambo. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, yenye masharti kuhusu kemikali mahali pa kazi, lakini meza ya chumbani kwa mwanafunzi si mahali pa kazi machoni pa mkaguzi. Kati ya sheria hizo na chupa ya soda iliyojazwa thina nyuma ya duka kuna pengo, na pengo hilo linaingiliwa kila siku. Asetoni na tolueni zimo pia katika jedwali la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988, ambao unataka biashara ya kemikali hizo ifuatiliwe kwa sababu hutumika kutengeneza kokeini. Yaani dunia imekubaliana kuzihesabu lita zinazokwenda kwa wauza unga. Mapafu ya mnunuzi wa nusu lita hayajapata mkataba.

Chupa ya soda yenyewe ni hatari nyingine. Madaktari wa watoto wa ukanda huu wanaifahamu vyema kesi ya mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akidhani ni soda. Thina na petroli huingia njia hiyo hiyo, na mzazi akimtapisha mtoto hufanya vibaya zaidi, kwa sababu kimiminika kikipanda huingia kwenye mapafu. Mtoto hapelekewi kidole kooni. Anapelekwa hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kinachoweza kudaiwa kwa muuza duka si kikubwa. Kiyeyushi kiuzwe katika chombo chake, au kikipimwa kiwe na karatasi ya Kiswahili yenye jina la kilichomo, alama ya moto, na maneno ya kutosha kusema kisinywewe, kisikaribie jiko, kitumike nje. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kifuniko. Vyuo vya ufundi navyo vinaweza kuichukua hesabu ya chumba cha futi kumi kwa kumi na kuiweka kwenye somo la kwanza la kutengeneza bodi, pale pale inapofundishwa kutoa chaji ya kapasita. Mwanafunzi anayeweza kukokotoa ukinzani wa saketi sambamba anaweza kugawanya lita za mvuke kwa lita za hewa.

Wapo wanaosema mjadala mzima umepitwa na wakati, kwamba bodi tano za sentimita kumi kwa kumi huagizwa Shenzhen kwa dola chache na kufika zikiwa na matundu na rangi ya kijani. Ni kweli kwa anayeweza kulipia usafirishaji na kusubiri, na kwa kazi ya mwisho huo ndio uamuzi wa busara. Mwanafunzi ambaye mchoro wake bado una kosa na mtihani ni Alhamisi hana nafasi hiyo, na kuna mengi anayojifunza shaba ikiliwa mbele ya macho yake ambayo kifurushi cha posta hakimletei. Isitoshe, bodi ya Shenzhen nayo italehemewa. Fluksi itabaki, fundi atataka kuiosha kwa ajili ya mteja anayependa vitu visafi, na atanyoosha mikono kuelekea chupa ile ile. Akiwa na fluksi isiyohitaji kuoshwa, aiache ilivyo. Akiwa na ile ya utomvu, mswaki mkuukuu na spiriti ya kujaza kifuniko, akiwa amekaa kizingitini, vitamtosha kwa bodi zote tano.